Contessa 26 ya 1973: namba za kwenye tangazo na tabia yake ikiwa baharini

Swali lenyewe kwa ufupi, ili na wengine waelewe: ndugu mmoja kapata Contessa 26 ya mwaka 1973 inauzwa pwani ya kusini ya Uingereza, yeye na mkewe wamesoma kozi na wamekodi boti kubwa kubwa za matanga mara kadhaa, sasa wanataka ya kwao watoke nayo Falmouth, wakate Ghuba ya Biscay mpaka Hispania, na mambo yakienda sawa mwaka unaofuata waende visiwa vya Azores katikati ya Atlantiki. Rafiki yake anamwambia hiyo ni boti ya kizee, achukue ya kisasa yenye urefu uleule, pana, yenye choo cha maana na mahali pa kusimama. Yeye anaitetea kwa kumtaja msichana wa New York aliyeizunguka dunia na boti kama hiyo. Anauliza zile namba zina maana gani, boti inatembeaje kweli, na je watu wawili watakaa humo au watatafutana ubaya.

Kaka, boti inafaa, ila sio kwa sababu zile unazozitaja wewe, na rafiki yako naye hajakosea kila kitu. Tatizo mnalinganisha urefu kwa urefu, na urefu wa jumla ndo namba inayodanganya kuliko zote kwenye tangazo la boti. Boti mbili za mita 7.77 zinaweza kuwa vyombo viwili visivyojuana kabisa.

Namba zenyewe ni hizi. Urefu wa jumla mita 7.77, urefu pale inapogusa maji mita 6.40, upana mita 2.29, inazama mita 1.22, uzito kilo 2,450 hivi na kati ya hizo kilo kama 1,040 ni farumi, yaani uzito wa kuituliza boti, iliyozibwa ndani ya mkuku wenyewe (uti wa chini wa boti). Matanga kwa jumla mita za mraba 28 na ushee. Sasa hizi namba usizisome moja moja, zisome zinavyosukumana, maana hapo ndo tabia ya boti inapotokea.

Kwanza ujue umbo limetoka wapi, kwa sababu boti ni ya miaka ya 60 lakini umbo ni la zamani zaidi ya hapo. Mwaka 1941 watu wa matanga wa Skandinavia walifanya shindano la kuchora boti ndogo ya mtu wa kawaida, hakuna mchoro hata mmoja ulioshinda, basi Tord Sundén akapewa kazi ya kuchanganya yale mazuri yaliyoonekana kwenye michoro na mwaka 1942 ikazaliwa Folkboat: mbao, nyembamba, mkuku mrefu, usukani umening'inia nyuma nje kabisa. Miaka ya 60 Jeremy Rogers, fundi wa boti pale Lymington, alikuwa anazijua hizo Folkboat vizuri, akashirikiana na mchoraji wa boti David Sadler wakatoa dada yake wa faibaglasi, na kuanzia 1966 Contessa 26 zikaanza kutoka. Chini ya maji ukoo unaonekana waziwazi. Juu walibadilisha mambo: Folkboat waya wa mbele unaishia chini kidogo ya ncha ya mlingoti na kazi kubwa inafanywa na tanga kuu, Contessa waya unafika juu kabisa kwa hiyo tanga la mbele ni kubwa na ndo linalovuta, na sehemu ya kukaa dereva maji yakiingia yanatoka yenyewe. Baadaye J.J. Taylor wa Toronto, Kanada, nao walizijenga kwa miaka mingi, mwishoni wakabadilisha deki na ndani na ukizikuta zinaitwa Taylor 26 usishangae, ni ukoo uleule.

Haya, spidi. Boti nzito kama hii haipandi juu ya maji kama boti ya injini, inayakata, na ikiyakata inajitengenezea wimbi moja mbele na moja nyuma, ikiongeza spidi yale mawimbi yanaachana mpaka inafika mahali urefu wa wimbi ni sawa na urefu wa boti kwenye maji, hapo boti imekaa kwenye shimo ililolichimba mwenyewe na hata uongeze tanga gani haitoki, inalala tu na kulemea usukani. Hesabu yake rahisi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa kwenye maji kwa mita, zidisha kwa 2.43. Kipeuo cha pili cha 6.40 ni kama 2.53, unapata noti 6.1 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa). Ndo dari yake hiyo. Boti ya rafiki yako yenye omo (sehemu ya mbele ya boti) iliyosimama wima inaweza kuwa na mita 7.3 kwenye maji kwa urefu uleule wa jumla, dari yake inakuwa noti 6.6, na hapo kweli kakushinda. Ila angalia kitu kimoja, ile mita 1.37 ya Contessa inayoning'inia mbele na nyuma juu ya maji haikai bure, boti ikilala upande na upepo sehemu ya hizo ncha inaingia majini na urefu unaongezeka kidogo, ndo maana wenye hizi boti wanakwambia inakaza mwendo ikishalala, wanasema kweli.

Lakini wewe usipange safari kwa dari. Panga kwa wastani, na wastani wa boti hii siku nzima usiku na mchana, ukichanganya upepo mzuri na ule wa kubembeleza, ni noti 4 mpaka 4.5, yaani maili kama 100 za baharini kwa saa 24. Falmouth mpaka A Coruña ni maili 440 hivi, basi siku 4 mpaka 5 upepo ukikupenda. Falmouth mpaka Ponta Delgada kule Azores ni maili 1,200 kwa makadirio, na kuna mashindano ya kwenda na kurudi njia hiyohiyo tangu 1975, kwa hiyo ni njia inayojulikana. Hesabu siku 12 na uweke chakula na maji ya siku 18 au 20. Mtu akikwambia atafika kwa siku 8 na boti ya mita 6.40 kwenye maji muulize vizuri.

Sasa upana, na hapa ndo naona rafiki yako anakosea. Kuna kipimo cha kukadiria boti ikipinduliwa na wimbi ni rahisi kiasi gani na itakuwa mkaidi kiasi gani kurudi. Kilitoka Marekani baada ya yale mashindano ya Fastnet ya Agosti 1979, ambako boti 303 zilianza, dhoruba ikawakuta kati ya Uingereza na Ayalandi, waliomaliza ni 85 tu na wanamashindano 15 walikufa. Kipimo ni hivi: upana kwa mita, gawanya kwa kipeuo cha tatu cha ujazo wa maji boti inayoyasukuma. Contessa 26 kilo 2,450 ni kama mita za ujazo 2.39 za maji ya bahari, kipeuo chake cha tatu 1.34, chukua 2.29 gawanya unapata 1.71. Chini ya 2 ndo wanasema inafaa bahari kubwa. Chukua sasa boti ya urefu uleule yenye upana wa mita 2.9 na uzito wa kilo 2,200, inakuja 2.25. Hiki ni kipimo cha juujuu, hakijui farumi imekaa chini kiasi gani wala deki ina umbo gani, mtu akikitumia peke yake kukataa boti anajidanganya, lakini tofauti ya 1.71 na 2.25 si ndogo.

Maana yake kwa mtu aliyekaa ndani ni hii. Boti pana ukiikanyaga pembeni gatini haitikisiki, unajisikia uko salama, na uimara wake unatokana na ule upana. Ikilala kidogo inakataa, ikilala sana inaanza kukubali, na ikigeuka juu chini ule upana uliokuwa unaisaidia unaifanya itulie vizuri tu ikiwa imepinduka. Contessa ni kinyume. Ukiikanyaga pembeni inainama kama inakuamkia, mkeo siku ya kwanza atashtuka, upepo wa noti 12 tu tayari imelala nyuzi 15, na watu wengi hapo wanaikatia tamaa wanasema ni laini. Subiri. Ikifika nyuzi 20, 25, ile farumi ambayo ni asilimia 43 ya uzito wote inaanza kufanya kazi kwa mkono mrefu na boti inasimama hapo, hailali zaidi, upepo ukizidi inaumwaga tu na kulemea kana (mti wa kushikia usukani). Ni boti inayoinama mapema na kugoma baadaye, na baharini ile ya baadaye ndo unayoihitaji.

Pembeni kidogo: kuna watu wanasimulia kwamba Contessa 26 ndo iliyopona Fastnet 1979. Siyo. Ile ni Contessa 32, boti inaitwa Assent, ndo peke yake katika daraja la boti ndogo iliyomaliza. Mchoraji huyohuyo, fundi huyohuyo, fikra zilezile za upana mdogo na farumi nzito, lakini ni boti nyingine, nzito karibu mara mbili, na muuzaji akikuchanganyia hizo stori ujue anauza stori.

Tabia yake ikiwa inatembea. Joshi, yaani ukienda karibu na upepo, ni boti nzuri kwa umri wake, sio kwamba inaelekeza omo karibu sana na upepo kama boti za mkuku mwembamba wa kisasa, zile zitakupita kwenye maji bapa na zitakupita kila siku, lakini kwenye mawimbi mafupi ya Mlango wa Uingereza, upepo unapingana na mkondo na bahari imesimama kama ngazi, pale ndo utaona. Omo nyembamba inachoma wimbi badala ya kulipiga, hakuna ule mshindo wa tumbo bapa kuanguka unaotikisa meno na mlingoti, boti inaingia, inatoka, inaendelea. Mtu anaweza kulala usingizi ndani huku inabisha, yaani inaupanda upepo. Hilo kwenye karatasi halipo, na kwa watu wawili wanaopokezana zamu ndo kitu cha kwanza kwangu, maana wanaochoka kabla ya boti ni watu.

Bei ya hiyo raha ni maji. Ubavu wake uko chini, deki iko karibu na bahari, ikichoma wimbi lile wimbi linakuja kukusalimia usoni. Wanaosema ni boti ya kulowana hawakuchukii, inalowesha kweli. Turubai la kuziba mbele ya mlango, lile la kukunja lenye fremu ya chuma, kwenye boti hii nalihesabu kama kifaa cha lazima kabla ya redio mpya au skrini ya ramani, na nguo za mvua nunua nzuri uumie mara moja.

Usukani. Una kana, mti tu wa mkononi, hakuna gurudumu, na usukani umeshikwa kwenye ubao wa nyuma na nyuma ya mkuku. Ukiacha tanga kuu lote upepo ukiwa umepanda kana itakuwa nzito, boti inataka kugeukia upepo, na mtu mgeni anavuta kana kwa nguvu zote akidhani ndo kazi, kumbe anaburuza usukani kama breki. Dawa ni kupunguza tanga kuu mapema, ukienda joshi kwenye noti 15 za upepo kunja mkunjo wa kwanza, spidi haipungui hata, mara nyingi inaongezeka maana boti imesimama na usukani umenyooka. Halafu tanga la mbele lipunguze baadaye. Kama tanga kuu ni la zamani limechoka limekuwa na tumbo, hakuna utakachorekebisha, hilo ni la kubadilisha, na wengi wanaoilaumu boti wanalaumu kitambaa.

Kugeuza kwenye upepo, polepole. Mkuku mrefu haupindi kwa haraka, ukisukuma kana ghafla kama ulivyozoea kwenye zile za kukodi boti inasimama katikati omo ikiangalia upepo, wimbi linakupiga, unarudi ulikotoka. Chukua spidi kwanza, tafuta sehemu iliyotulia kidogo kati ya mawimbi, sukuma kana taratibu halafu malizia, na demani (kamba ya kuvutia tanga) ya tanga la mbele usiiachie mpaka upepo umelishika kwa nyuma likasukuma omo upande wa pili. Ukishazoea haikuangushi.

Upepo wa tezi, yaani wa nyuma kabisa, hapa sikufichi, inaenda mrama. Chombo chembamba chenye uzito chini kinaanza kubembea kulia kushoto kwa mdundo wake na hakichoki, sufuria zinaimba, na mtu aliyekuwa haumwi na bahari anaanza kunyamaza. Usikae sawa na upepo, chukua pembe ya nyuzi 20 au 30 upande mmoja, fungua tanga la mbele kwa mti, tanga kuu livute ndani kidogo na ulifunge lisije likahamia upande wa pili lenyewe, safari inaongezeka maili chache lakini mnakula chakula kikiwa kwenye sahani. Na katika hali hiyo jambo moja zuri sana, mkuku mrefu unashika njia, wimbi la nyuma likiisukuma haikimbilii kugeuka ubavu kama boti ndogo pana yenye usukani mfupi.

Hiyo ya kushika njia ndo inafanya kifaa cha upepo cha kujiendesha kifanye kazi vizuri sana juu yake, kile chenye bawa dogo nyuma linalosoma upepo na kusogeza kana bila umeme wowote. Ukoo huu ndo ulioonyesha watu njia: mwaka 1960 Blondie Hasler alivuka Atlantiki kwenye mashindano ya mtu mmoja mmoja kutoka Plymouth mpaka New York kwenye Folkboat aliyoibadilisha, Jester, siku 48, akawa wa pili nyuma ya Francis Chichester, akiendeshewa na kifaa cha upepo alichokibuni mwenyewe. Kama boti unayoiona inauzwa na kifaa hicho na ni kizima, hiyo ni thamani kubwa kuliko injini mpya kwa safari yako, nakwambia. Watu wawili bila kifaa cha kujiendesha siku 5 za Biscay ni zamu 2 za kushika kana mchana na usiku, mtafika mmechukiana.

Na bahari ikichafuka kabisa, boti inasimama vizuri. Tanga la mbele dogo livute upande wa upepo, tanga kuu likunje mpaka la mwisho, kana ifunge upande ule ambao upepo unaelekea, na boti inatulia omo ikiwa nyuzi 50 hivi kutoka kwenye upepo, inasogea pembeni pole pole noti moja au moja na nusu, na wewe unaingia ndani unachemsha chai. Boti nyingi za kisasa zenye mkuku mfupi zinahangaika sana kufanya hivi, zinageuka geuka. Jifunzeni hili kabla ya Biscay, siku ya upepo wa nguvu 5 kwenye kipimo cha Beaufort (kipimo cha nguvu ya upepo) sio siku ya 8.

Upepo mdogo, noti 5 kushuka, nitasema tu kwamba ni nzito kwa matanga yake, na bila jenoa (tanga la mbele) kubwa nyepesi utakuwa unaangalia mapovu.

Ndani sasa, na hapa rafiki yako nampa haki yake. Mtu mzima wa kimo cha kawaida hasimami wima. Unakaa, unainama, unapika umekaa, suruali unavaa umelala. Muuzaji ataandika vitanda vya watu 4, ni kweli vipo, watu 4 wanaopendana sana kwa usiku mmoja. Watu 2 wanaishi, lakini wanaishi kwa utaratibu, kila kitu kina sehemu yake na mmoja akisogea mwingine anakaa. Choo mara nyingi kiko mbele katikati ya vile vitanda, faragha ni kumwambia mwenzio aende nje akaangalie meli. Kama mkeo hajaingia ndani ya boti hii na kukaa humo saa nzima mvua ikinyesha, usilipe hata senti, na simaanishi yeye ndo tatizo, pengine yeye ataipenda na wewe ndo utaumwa mgongo.

Mzigo pia uhesabu. Sehemu inayokaa kwenye maji ni ndogo, kwa makadirio yangu kila kilo 80 mpaka 90 mnazopakia zinaizamisha sentimita nzima. Watu 2, maji lita 3 kwa kila mtu kwa siku, kwa siku 18 ni lita 108, chakula, dizeli, nanga mbili na minyororo, betri, boti ndogo ya kupuliza, nguo, vitabu, mara moja mmepita kilo 500 na boti imeshuka sentimita 6, ule ubavu mfupi umekuwa mfupi zaidi na maji yanazidi kuja. Vizito vyote weka chini katikati, usijaze minyororo yote kule omoni, omo ikiwa nzito hainuki kwenye wimbi na ile sifa yote niliyoisema ya kuchoma na kutoka inabaki kuchoma.

Injini utakuta dizeli ndogo ya silinda 1 au 2, au wengine wametoa wakaweka ya kuning'iniza nyuma. Kwa kusonga mbele inatosha, kwa kurudi nyuma sahau, mkuku mrefu na usukani ule ukirudi nyuma boti inaenda inakotaka, kwa hiyo ukiingia marina panga usihitaji kurudi, na ukihitaji tumia kamba.

Umemtaja yule msichana wa New York kama ushahidi kwamba boti hii inafika popote. Tania Aebi aliondoka 1985 akiwa na miaka 18, uzoefu wake mdogo sana, akaizunguka dunia na Contessa 26 yake Varuna akarudi Novemba 1987. Na Brian Caldwell wa Hawaii alifanya hivyohivyo 1995 na 1996 kabla hajafika miaka 21, Contessa 26 vilevile. Yote kweli. Ila hizo zilikuwa boti zilizojengwa miaka michache tu nyuma au zilizofanyiwa kazi kwa safari ile, yako ni ya 1973, na nyaya, bolti, vali na deki hazisafiri kwa jina la ukoo. Kwa hiyo ukaguzi.

Lipa mkaguzi wa kujitegemea, boti itolewe majini, usikubali kukaguliwa ikielea. Wewe mwenyewe kabla ya kumlipa tembea juu ya deki na kinyundo cha plastiki unagonga taratibu, boti nyingi za miaka ile deki ni tabaka mbili za faibaglasi na mbao nyepesi katikati, maji yakiingia kwenye tundu la skrubu ile mbao inaoza, mlio mkavu unabadilika unakuwa mzito wa kufa, na ukikanyaga panabonyea. Sehemu ndogo hiyo inatengenezeka, deki nzima ni kazi ya msimu na pesa inayoweza kupita bei ya boti. Ingia ndani angalia chini ya mlingoti pale uzito wake unaposhuka, kama kuna ufa, mlango wa ndani unaokwama, au dari iliyobonyea, hiyo ni habari kubwa. Vyuma vinavyoshika nyaya za mlingoti pembeni angalia kwa ndani kama kuna michirizi ya kutu au mbao nyeusi, maji yanapenda kupita hapo. Nyaya zenyewe uliza risiti, zikiwa na zaidi ya miaka 10 bima nyingi watakusumbua, na mimi kwa Biscay ningezibadilisha bila kusubiri bima. Vali za kwenye tumbo la boti kwangua kidogo, ukiona rangi ya waridi kama shaba nyekundu ujue zinki imeshaliwa, inaweza kukatika mkononi. Bawaba za usukani shika usukani utikise kwa nguvu, usicheze sana. Vimalengelenge kwenye faibaglasi chini ya maji havinitishi vikiwa vichache, ni vya kupunguzia bei, ila mkuku uliowahi kugonga mwamba ukapigwa rangi juu, huo ndo wa kuogopa kwa sababu farumi iko ndani na maji yakishaingia humo kuyatoa ni shughuli.

Kuhusu kulinganisha na ile ya kisasa: kama mipango yenu kweli ni wikiendi, Solent (mlango wa bahari kusini mwa Uingereza), kulala marina, na mara moja kwa mwaka kuvuka kwenda Ufaransa siku ya hali nzuri, mchukue ile pana, mtaifurahia zaidi na sioni aibu kusema hivyo. Kama Biscay na Azores ni mipango ya kweli, ya kuweka tarehe, basi Contessa, yenye deki kavu na nyaya mpya, hata ikiwa bei ya juu kuliko ile yenye mito mizuri na rangi mpya.

Na mwombe mwenye boti mtoke naye siku ya noti 15 mpaka 18, sio siku ya jua na maji bapa. Ukiwa joshi achia kana sekunde chache uone inafanya nini, inapaswa kugeukia upepo taratibu, ikigeuka kwa fujo uliza matanga. Geuza mara tano sita wewe mwenyewe, mkeo ashike mara tano sita. Isimamisheni na matanga kama nilivyoeleza hapo juu muone inatulia pembe gani. Mkiwa bado mmelala nyuzi 20 mmoja aingie ndani afungue ngama (chini kabisa ndani ya boti, maji yanapokusanyika) aangalie maji, ajaribu kuwasha jiko, ajaribu kutumia choo, halafu arudi kumwambia mwenzake ukweli.